Bomba la pikipiki kuukuu linavyochoma, na jinsi ya kulivika ngao

JE, una pikipiki ya zamani uliyoitunza kama mboni ya jicho, yenye mabomba ya moshi ya chuma kisichoshika kutu, yanayong'aa hata ukaweza kujitazama uso? Ikiwa unayo, au ikiwa kuna jamaa yako anayekupakia kwenye yake Jumapili, makala haya yanakuhusu.

Wakazi wengi wa mijini wanapofikiria hatari ya pikipiki, huwaza ajali ya barabarani tu: kichwa kisicho na helmeti na mifupa iliyovunjika. Ni haki yao kuwaza hivyo. Lakini kuna jeraha jingine ambalo hutokea pikipiki ikiwa imesimama tuli, aghalabu langoni pa nyumba, na aghalabu kwa mtu ambaye si dereva. Jeraha hilo ni la kuungua shavu la mguu kwa bomba la moshi, au ekzosi kama mafundi wetu wanavyoliita.

Dereva amekwisha kuizoea pikipiki yake. Miguu yake ina mahali pake, naye huvaa buti na suruali nzito. Abiria ndiye hushuka kwa upande usiofaa, akiwa amevalia rinda, kaptura au suruali nyepesi ya nailoni. Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka kwenye joto la digrii 250 hivi, na kitambaa kilichoyeyuka hugandamana na ngozi.

Mtoto naye ni mfupi. Bomba linalomgusa mtu mzima chini ya goti, kwake yeye liko sawasawa na paja au kiganja. Isitoshe, mtoto huvutiwa na kitu kinachong'aa.

Halafu kuna ile hali ya pikipiki kuegemea upande polepole mpaka ikaanguka, mguu wa mtu ukabanwa chini ya bomba. Hapo hakuna kuurusha mguu kwa haraka. Kila sekunde anayongojea asaidiwe, joto linazidi kuingia ndani ya nyama.

Joto lisiloonekana

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu muda ambao ngozi huweza kustahimili joto. Waligundua kuwa kitu chenye joto la digrii 44 za Selsiasi huhitaji takriban saa 6 ili kuharibu ngozi. Kwenye digrii 60, huhitaji sekunde 5 hivi. Joto likipita digrii 70, muda huo haufiki hata sekunde moja.

Sasa linganisha tarakimu hizo na bomba lako. Moshi unapotoka kwenye silinda huwa na joto la mamia ya digrii, na chuma chenyewe karibu na injini hupita digrii 200 bila taabu. Makaa ya jiko huwa mekundu, kwa hivyo hata mtoto wa miaka miwili hujua ni moto. Bomba la moshi hubaki na mng'ao uleule, liwe baridi au liwe na joto la kukaangia.

Hata hivyo, chuma kisichoshika kutu huweka kumbukumbu. Inama utazame shingo ya bomba, pale linapotoka kwenye injini. Ukiona rangi ya manjano hafifu, mithili ya majani makavu, fahamu kwamba mahali hapo pamewahi kufika digrii 300 hivi. Rangi ya kahawia huashiria karibu digrii 400, na ile ya samawati ambayo wapenzi wa pikipiki huisifu sana huanza kutokea kwenye digrii 540. Vipimo hivyo ni vya chuma cha aina ya 304, ambacho hutumiwa sana kutengenezea mabomba haya. Kwa hivyo, huhitaji kipimajoto ili kujua ni wapi panapostahili kuvikwa ngao kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wenye pikipiki za zamani huenda hawakuambiwa na aliyewauzia mabomba mapya. Chuma kisichoshika kutu hupitisha joto vibaya, karibu theluthi moja tu ya jinsi chuma cha kawaida kinavyopitisha. Joto hukwama karibu na injini badala ya kusambaa hadi nyuma. Ukigusa ncha ya sailensa ukaona ni vuguvugu, usidhani shingo nayo imepoa.

Tena, mabomba mengi ya asili yalikuwa na tabaka mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Yale ya Honda CB750, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, yalikuwa hivyo. Yanapong'olewa na mahali pake pakawekwa mabomba mapya ya tabaka moja, sura hupendeza zaidi lakini joto la nje huongezeka. Mwenye pikipiki hujikuta na chombo chenye umbo lilelile alilolijua miaka yote, kumbe kinachoma zaidi.

Ngao si aibu

Ukizungumza na wapenzi wa pikipiki za zamani, mara moja watakwambia ngao huharibu sura. Mtu aliyetumia miaka mitatu kuisugua pikipiki yake ili aipeleke kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, hawezi kukubali kipande cha bati kizuie mng'ao usionekane.

Hoja hiyo haina mashiko. Viwanda vyenyewe vilifunga ngao tangu zamani, hasa kwenye pikipiki zenye mabomba yaliyopandishwa juu kwa ajili ya njia mbovu. Honda CL72 ya mwaka 1962 ilikuwa na mabomba yaliyopita ubavuni, karibu kabisa na mguu wa dereva, nayo yalikuwa na ngao. Kampuni ya Triumph ya Uingereza ilifunga kwenye baadhi ya pikipiki zake wavu wa vyuma vyembamba unaofanana na ule wa kuchomea nyama. Leo wanaotengeneza upya pikipiki hizo huutafuta wavu huo kwa udi na uvumba. Kwa hivyo, ngao iliyotengenezwa vizuri ni sehemu ya historia ya chombo chako.

Hata pikipiki nyingi za bodaboda tunazozipanda kila siku hutoka kiwandani zikiwa na ngao. Itazame inayofuata utakayoipanda. Mara nyingine utakuta skrubu moja imebaki na ngao inaning'inia, au imetolewa na hakuna aliyeirudisha. Una haki ya kumwambia mwendeshaji hivyo kabla hujapanda.

Nafasi ya hewa ndiyo dawa

Watu hudhani kwamba ngao hufanya kazi kwa sababu ni chuma kinene. Sivyo. Kinachozuia joto ni hewa iliyo baina ya bomba na ngao. Hewa ile hupata joto, hupanda, ikatoka, na nyingine baridi ikaingia mahali pake. Bati likikaa juu ya bomba moja kwa moja, baada ya dakika chache litakuwa na joto sawa na bomba, na utakuwa umetumia pesa zako kununua sehemu kubwa zaidi ya kumchomea mgeni.

Acha nafasi ya milimita 10 au zaidi. Bati lenyewe liwe la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita moja unatosha. Matundu au mipasuo katika ngao husaidia hewa kutoka, mradi tundu lisiwe pana kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto. Kingo zote zikunjwe au zisuguliwe kwa tupa na msasa, la sivyo utamwepusha mtu na moto umkate na wembe.

Kabla ya kukata bati lolote, ngoja injini ipoe kabisa. Kisha mwombe mtu ambaye hupanda nyuma yako akae kwenye kiti, akiwa amevaa nguo anazovaa siku zote. Apande, akae, ashuke kushoto na kulia. Kila mahali mguu wake unapokaribia bomba, tia alama ya chaki. Mwite na mtoto asimame kando ya pikipiki, utie alama mahali kiganja chake kinapofika. Utaona kwamba sehemu inayohitaji ngao si ile uliyodhani. Mafundi wengi hufunga ngao pale bomba lilipo nyoofu kwa kuwa ni rahisi, wakaacha mpindo wa mbele ulio karibu na goti. Katia kadibodi kwanza, ijaribu, ndipo ukate bati kwa kipimo hicho.

Usitoboe bomba kwa keekee. Tundu kwenye bomba hupenyeza moshi wenye sumu, na bomba la pikipiki ya zamani ni ghali kulipata. Njia iliyo salama ni kutumia klipu za kuzunguka bomba zinazokazwa kwa bisibisi, kama zile zinazofunga mpira wa maji kwenye redieta ya gari. Vipande vidogo vya miguu hukunjwa kwenye bati, klipu ikapita juu yake. Chini ya kila mguu weka washa ya kauri au ya nyuzi zinazostahimili moto, ili chuma cha bomba na cha ngao visigusane. Ukitaka kuipeleka pikipiki kwenye maonyesho, fungua skrubu mbili ngao ikatoka, na bomba likabaki lilivyokuwa.

Klipu hizo nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za bei nafuu zilizopakwa zinki hazifai. Zinki huyeyuka kwenye digrii 420, joto ambalo shingo ya bomba huweza kulifikia, na zinki iliyoyeyuka hupenya ndani ya chuma kisichoshika kutu kikapasuka.

Kumbuka pia kwamba bomba hurefuka linapopata moto. Chuma hiki hutanuka kuliko chuma cha kawaida: bomba la sentimita 60 likipanda kwa digrii 300 huongezeka milimita 3 hivi. Ngao haipati moto kiasi hicho, kwa hivyo haitanuki sawa. Ukiifunga kwa nguvu kwenye ncha zote mbili, itapinda au ivunje klipu. Kaza ncha ya mbele, na ile ya nyuma uiwekee tundu refu lenye umbo la yai ili bolti iweze kuteleza.

Kisha kanyaga breki, piga kiki, pindua usukani mwisho wa pande zote. Ngao inayozuia kikanyagio cha breki ni hatari kuliko bomba lenyewe.

Wapo wanaopendelea kulizungushia bomba bendeji ya nyuzi za kioo. Mimi sipendekezi kwa kazi hii. Bendeji hupunguza joto la nje, ni kweli, lakini hunyonya maji ya mvua na matope, yakakaa dhidi ya chuma. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, chuma huliwa mashimo mashimo chini ya bendeji bila mwenyewe kujua. Nyuzi zake pia huwasha ngozi na koo wakati wa kuifunga na kuifungua.

Mapafu ya fundi

Huenda ukaamua kumpelekea kazi hii fundi wa jua kali. Ni uamuzi mzuri, kwani mafundi wetu wa bati ni stadi. Lakini afya yake pia ni sehemu ya hesabu hii, na hata wewe unayesimama kando yake ukitazama huvuta hewa ileile.

Kuchomelea chuma kisichoshika kutu hutoa mafusho yenye kromiamu na nikeli. Mwaka 2017, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliamua kuwa mafusho ya kuchomelea husababisha saratani kwa binadamu. Kazi ifanywe nje, upepo ukipeleka moshi mbali na uso, na fundi avae kinga ya kupumulia, si kitambaa cha shingoni. Ngao ya klipu, kama ile tuliyoieleza, haihitaji kuchomelewa kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua.

Akichomelea au akipasha moto chuma kilichopakwa zinki, saa chache baadaye anaweza kushikwa na homa, baridi na maumivu ya viungo, akidhani ni malaria.

Hatari kubwa zaidi ni kulisafisha bomba kwa dawa ya breki yenye klorini kisha kulichomelea kabla halijakauka. Joto na mwanga wa kuchomelea hugeuza mvuke wa dawa hiyo kuwa gesi ya fosjini, ileile iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sabuni na maji hutosha.

Ukikuta kwenye pikipiki ya miaka ya sitini au sabini gasketi au kamba nyeupe ya kijivu iliyochakaa pale bomba linapoungana na injini, usiikwangue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa hewa ya kompresa. Huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Ilowanishe kwa maji, ing'oe polepole, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Na usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ili kujaribu ngao. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na imewaua watu wengi duniani wakiwa wameketi kando ya injini zao.

Jaribio la mshumaa

Baada ya kufunga, endesha kwa dakika 20 kisha usimame mahali peupe. Chukua kijiko udondoshe tone moja la maji juu ya ngao. Likichemka, nafasi ya hewa ni ndogo mno au kuna mahali bati linagusa bomba. Rudi ukarekebishe.

Tone lisipochemka, usishangilie bado. Maji huchemka kwenye digrii 100 mahali palipo sawa na bahari, na kwenye 95 hivi hapa Nairobi, ilhali tumeona kwamba digrii 70 tayari huchoma kufumba na kufumbua. Kwa hivyo gusisha ngao kwa kipande cha mshumaa wa kawaida. Nta yake huyeyuka kwenye digrii 60 hivi. Ikiacha alama ya unyevunyevu inayotiririka, joto bado liko juu. Ikibaki ngumu, mguu wa abiria wako utakuwa na muda wa kuondoka.

Karibu na silinda ni vigumu kufikia kiwango hicho, na heri nikuambie ukweli. Hapo ridhika na tone lisilochemka, na umfundishe abiria ashuke upande ule usio na bomba. Baada ya safari ya kwanza kaza klipu tena, maana hulegea zinapopata moto na kupoa. Bomba lenyewe huendelea kuwa na moto kwa nusu saa au zaidi baada ya kuzima injini, hivyo egesha ubavu wenye bomba ukielekea ukutani.

Ukiungua

Mtu akiungua, usikimbilie jikoni. Dawa ya meno, yai, samli, unga, chumvi na mafuta ya taa huzuia joto kutoka na huingiza uchafu kwenye kidonda. Barafu nayo hudhuru ngozi ambayo imekwisha kuumia.

Kinachotakiwa ni maji baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Dakika mbili hazitoshi, hata kama maumivu yamepungua, kwa kuwa joto lililoingia ndani ya nyama bado linaendelea kuharibu. Maji husaidia hata yakianza kutumiwa saa 3 baada ya kuungua.

Utasema mferejini hakuna maji. Mtungi wa lita 20 ukimiminwa kwa kikombe, lita moja kila dakika, humaliza dakika 20 sawasawa.

Wakati huohuo, vua kiatu, soksi na bangili ya mguu kabla mguu haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, iachie wauguzi. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika kwa plastiki safi ya kufungia chakula, au kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na umpe mgonjwa paracetamol kwa kipimo cha umri wake.

Jeraha la bomba hudanganya kwa udogo wake. Huwa na upana wa sarafu chache, lakini kwa sababu chuma kile kina moto mkali, mara nyingi huingia ndani sana. Sehemu iliyogeuka nyeupe au nyeusi na isiyouma ndiyo iliyoungua zaidi, kwani neva zake zimekufa. Mpeleke hospitali mtu mwenye jeraha la namna hiyo, au jeraha kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au lililo kwenye kiungo kama goti na kifundo. Mtoto mdogo, mzee, mja mzito na mgonjwa wa kisukari waende hata jeraha likiwa dogo. Wenye kisukari wapo ambao miguu yao imepoteza hisia, na huweza kuungua bila kushtuka.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa hukumbuki ulidungwa lini mara ya mwisho. Usaha, harufu, wekundu unaosambaa au homa siku chache baadaye ni dalili za kidonda kuingiwa na viini.

Kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki 2 kipelekwe kwa daktari hata kama hakiumi, kwani ngozi inayochelewa kupona huelekea kuacha kovu linaloinuka. Watu wenye asili ya Kiafrika huathiriwa zaidi na makovu ya namna hiyo, yanayoitwa keloidi, ambayo huzidi kukua kupita mpaka wa jeraha lenyewe na kuwasha. Kikiisha kufunga, kipake mafuta ya mgando kila siku na ukifunike juani kwa miezi kadhaa, mpaka rangi ya ngozi ianze kurudi.